Kibao kinasema "Starting kernel ..." kisha kimya: nani anamwamsha nani?

Swali: Mzee, shikamoo kutoka Arua. Natengeneza kifaa cha kufuatilia pampu ya maji ya sola huko Yumbe, na ndani yake nimeweka BeagleBone Black, kompyuta ndogo ya kibao kimoja. Kwa mfumo uliokuja nacho, kibao kinawaka bila shida. Majuzi nimejijengea kerneli mpya ya Linux nikaiweka kwenye kadi ya SD. Sasa kwenye seriali, waya unaoleta maandishi ya kibao, naona maandishi ya U-Boot, halafu "Starting kernel ...", baada ya hapo hata herufi moja haitoki. BIOS ya kompyuta ya mezani naielewa kidogo, lakini huku sielewi nani anamwamsha nani. Je, U-Boot ina kazi gani hasa, na siwezi kuiruka?

Jibu: Marahaba, fundi. Nianze na nafuu: kibao kinachofika kwenye "Starting kernel ..." si kibovu. Umeme umetosha, kadi imesomeka, kumbukumbu kuu imeamka, na U-Boot, programu inayoiwasha kerneli, imepakia ilichoagizwa. Kosa liko katika moja kati ya mawili. Ama U-Boot imeikabidhi kerneli vitu visivyo sahihi, ama kerneli iko hai lakini inazungumza mahali ambapo hujatega sikio. Ningeweza kukupa amri tatu za kujaribu tukaishia hapo, ila umeuliza nani anamwamsha nani, na ukilijua hilo hutanihitaji kibao kijacho kikinyamaza.

Prosesa inapopata umeme haijui Linux, haijui kadi, haijui hata ina kumbukumbu kiasi gani. Inajua tu mahali pa kuchota amri ya kwanza. Katika chipu ya kibao chako, AM3358 ya Texas Instruments, mahali hapo ni ROM ya kilobaiti 176 iliyochomwa kiwandani ndani ya silikoni yenyewe. Huwezi kuifuta wala kuibadilisha. Kwenye kompyuta ya mezani BIOS hukaa katika chipu ya flashi iliyo juu ya ubao mama. Hapa kipande cha kwanza cha kazi hiyo kimo ndani ya chipu ileile ya prosesa, na vipande vinavyofuata unavibeba wewe mwenyewe kwenye kadi. Ndiyo sababu unaona kana kwamba BIOS haipo.

ROM hiyo inaamka ikiwa haina nafasi ya kufanyia kazi, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu bila kulielewa jambo hili mengine yote yataonekana kama usumbufu wa wahandisi. Kibao chako kina megabaiti 512 za kumbukumbu kuu, DRAM ya aina ya DDR3. Wakati ROM inaanza, hakuna hata baiti moja kati ya hizo inayotumika. DRAM huhifadhi kila biti kama chaji ndogo ndani ya kapasita, na chaji huvuja, hivyo ni lazima kidhibiti cha kumbukumbu kiipitie na kuihuisha, kwa kawaida safu zote ndani ya milisekunde 64, tena na tena. Kabla ya hapo kidhibiti chenyewe kinatakiwa kuambiwa ni chipu za aina gani zimeunganishwa, zina upana gani, mapigo ya saa ni ya kasi ipi, na kati ya amri moja na nyingine kisubiri muda gani. Takwimu hizo hutofautiana kati ya kibao na kibao. ROM ilichomwa kabla mtu hajachora kibao chako, basi itazijuaje?

Ilicho nacho ni SRAM kidogo ndani ya chipu: kilobaiti 64 hapa na kilobaiti 64 pale. SRAM haihitaji kuhuishwa wala kuandaliwa, iko tayari mara tu umeme unapofika. Sehemu yake ROM inaitumia kwa shughuli zake, kwa hiyo programu itakayopakiwa haiwezi kuzidi kilobaiti 109. U-Boot kamili, yenye kusoma mafaili, mtandao, USB na mstari wa amri, ni kubwa mara kadhaa kuliko hapo. Haiingii. Waliouandika mfumo huu wakaikata vipande viwili: kipande chembamba kiitwacho SPL, ambacho kwenye kadi yako ni faili lenye jina MLO, na kipande kikubwa chenye jina u-boot.img.

Kwa maneno mengine, kila hatua ya kuwaka ipo kwa sababu ya kumbukumbu iliyo macho wakati huo. ROM inatosheka na SRAM. SPL inaishi ndani ya SRAM na kazi yake kubwa ni kuiamsha DRAM. U-Boot inaishi ndani ya DRAM iliyoamshwa. Ukikutana na chipu ngeni usianze kwa kuuliza ina hatua ngapi. Uliza ni kumbukumbu gani inapatikana lini, na hatua zitajipanga zenyewe.

ROM inampataje MLO? Inasoma hali ya pini fulani wakati umeme unapoingia, na pini hizo ndizo zinazoamua mpangilio wa kutafuta. Bila kugusa kitu, kibao chako kinaanza na eMMC, hifadhi ya flashi iliyobanwa juu yake, kisha kadi ya SD, kisha seriali, kisha USB. Ukishikilia kitufe cha S2 wakati wa kuingiza umeme, eMMC inarukwa na kadi ya SD inatangulia. Narudia: wakati wa kuingiza umeme. Kubonyeza S2 pamoja na kitufe cha riseti hakubadilishi kitu, kwa sababu pini husomwa umeme unapoingia upya tu. Nimeona mafundi wakilaumu kadi zisizo na kosa kwa sababu hiyo.

Kwenye kadi, ROM inatafuta faili MLO katika sehemu ya FAT iliyotiwa alama ya kuwa hai, au inatafuta programu hiyo ikiwa imeandikwa moja kwa moja kwenye kadi, kuanzia mwanzo kabisa au kwenye kilobaiti ya 128, 256 au 384. Ikikosa kila mahali na kufika zamu ya seriali, utaona kwenye skrini CCCC, herufi moja moja, bila kukoma. Huo ni mwaliko: ROM inaomba uitumie programu kwa XMODEM, njia ya zamani ya kutuma mafaili, kupitia waya uleule. Ukiona C hizo usihangaike na kerneli, maana hata MLO hajapatikana.

MLO akipatikana anawekwa kwenye anwani 0x402F0400 ndani ya SRAM, na prosesa inarukia humo. Anapanga mapigo ya saa, anaongea na chipu ya umeme ili volti ziwe sawa, anaandaa DDR3, kisha anapakia u-boot.img kwenye 0x80800000. Anwani 0x80000000 ndipo DRAM inapoanzia kwenye chipu hii, na nambari hiyo ikae kichwani, tutaihitaji. U-Boot ikishaanza inajihamisha hadi karibu na kilele cha kumbukumbu ili kuacha nafasi chini kwa ajili ya kerneli. Programu hii ilikua kutoka PPCBoot, butiloda ya prosesa za PowerPC aliyoiongoza Wolfgang Denk, na ilipata jina la U-Boot mwaka 2002 ilipokuwa imeshavuka mipaka ya PowerPC.

Vibao vingine hufuata mantiki hiyohiyo kwa sura tofauti. Kwenye Raspberry Pi anayeamka kwanza ni kichakata picha, huku viini vya ARM vikisubiri. Kuanzia Raspberry Pi 4, programu ya hatua inayofuata imo ndani ya EEPROM kwenye kibao badala ya kadi. Taa ya kijani ikimweka mara nne ujue fimuwea yake, start.elf, haijapatikana, ikimweka mara saba kerneli haijapatikana. Chipu za Allwinner zinamtafuta SPL kilobaiti 8 kutoka mwanzo wa kadi. Na vichipu vidogo kama STM32F103C8, chenye flashi ya kilobaiti 64 na SRAM ya kilobaiti 20, havina haja ya msafara huu. Neno la kwanza la flashi ni kilele cha staki, la pili ni anwani ya kuanzia, na programu inatekelezwa hapohapo ilipo bila kupakiwa popote. Huko butiloda huwekwa ili kubadilisha programu ukiwa mbali, wala si kwa ajili ya kuamsha chochote.

Turudi kwako. U-Boot inatakiwa kuiachia kerneli vitu vitatu katika kumbukumbu: kerneli yenyewe, faili la dtb lenye maelezo ya vifaa vya kibao, na mstari wa vigezo uitwao bootargs. Kisha inazima kache ya data na MMU, yaani kitafsiri cha anwani za kumbukumbu, inazuia vikatizi, na inaruka. Makubaliano ya Linux kwenye ARM ya biti 32 ni makavu: rejista r0 iwe sifuri, r1 iwe nambari ya aina ya mashine ambayo siku hizi haitumiki ukitoa dtb, na r2 iwe na anwani ya dtb. Kwenye ARM ya biti 64 dtb inatajwa na x0, huku x1 hadi x3 zikiwa sifuri. Hakuna zaidi. U-Boot hairudi tena, na eneo ililolala linachukuliwa na kerneli.

Hiyo dtb ni ya nini? Kwenye kompyuta ya mezani, kerneli inaweza kuuliza basi ya PCI "nani yupo?" ikajibiwa, na fimuwea inaiachia majedwali ya ACPI yanayoeleza vifaa vilivyopo. Ndani ya AM3358 seriali, kidhibiti cha kadi na pini zote zimekaa kwenye anwani zake na hazijibu swali la aina hiyo. Kerneli inakabidhiwa maelezo yake kama mtunza ghala mpya anavyopewa orodha ya vitu: seriali ya kwanza iko 0x44E09000, kumbukumbu inaanzia hapa, ina ukubwa huu. Zamani orodha hiyo iliandikwa ndani ya kerneli kwa lugha ya C, faili kwa kila kibao, mpaka mwaka 2011 Linus Torvalds akachoshwa na rundo hilo, na jamii ya ARM ikasukumwa kuhamia kwenye mti wa vifaa (device tree), ambao dtb ndiyo faili lake. Kwa hiyo kerneli nzuri yenye dtb ya kibao kingine, au isiyo na dtb kabisa, ni mtu kipofu. Haina hata mahali pa kuandikia kwamba imekosea. Ndiyo maana unapata kimya badala ya ujumbe wa kosa.

Simamisha U-Boot kwa kubonyeza kitufe wakati inahesabu, uingize haya kwa mkono, ukidhani mafaili yako yako kwenye sehemu ya kwanza ya kadi na mfumo wa mafaili uko kwenye ya pili:

setenv bootargs console=ttyS0,115200 earlycon root=/dev/mmcblk0p2 rootwait
load mmc 0:1 0x82000000 zImage
load mmc 0:1 0x88000000 am335x-boneblack.dtb
md 0x88000000 1
bootz 0x82000000 - 0x88000000

Amri ya md inaonyesha neno la kwanza la dtb. Ni lazima uone edfe0dd0, ambayo ni alama d00dfeed ikiwa imepinduliwa baiti kwa baiti. Ukiona kingine, faili si dtb au limeharibika, na hakuna haja ya kuendelea.

Mshukiwa wangu wa kwanza ni neno console, linalotaja mahali kerneli inapoandikia. Kumbuka mpangilio wa ROM: kama hukushikilia S2, MLO na U-Boot unazoziona zimetoka kwenye eMMC, yaani ni za zamani, hata kama kerneli imetoka kwenye kadi yako mpya. U-Boot za zamani za kibao hiki zilikuwa zikitoa console=ttyO0, kwa herufi O, kwa sababu dereva wa seriali wa wakati ule aliitwa hivyo. Dereva mpya anatumia ttyS0. Kerneli ina chaguo la kulirekebisha jina hilo yenyewe, ila aliyejijengea kerneli anaweza kulizima bila kujua. Hakikisha pia kwamba SERIAL_8250_OMAP na SERIAL_8250_CONSOLE zimejengwa ndani ya kerneli, zisiwe moduli. Moduli hukaa kwenye mfumo wa mafaili, nao haujafunguliwa bado.

Kuna namna ya kulithibitisha bila waya wowote. Tazama taa nne za buluu kando ya kibao. Ya kwanza, USR0, dtb inaipa kazi ya kupiga kama mapigo ya moyo. Ikiwa inapiga mbili mbili huku seriali ikiwa kimya, kerneli yako ni nzima kabisa na tatizo ni console tu.

Taa ikiwa imekufa, mshukiwa wa pili ni usanidi uliojengea kerneli. Ulianza na faili lipi? omap2plus_defconfig na multi_v7_defconfig zote zinaijua AM335x. Ukianza na usanidi wa kibao kingine, huenda msaada wa chipu hii haumo, na kerneli itakwama kabla ya kutoa sauti. Neno earlycon nililoongeza hapo juu linaiambia kerneli iandike mapema, kabla dereva kamili wa seriali hajaingia, na humegua kesi nyingi za namna hii. Ila inaitafuta seriali kupitia dtb, basi dtb ikiwa mbovu nayo haitasaidia.

Mshukiwa wa tatu ni anwani kupandana. zImage, yaani faili la kerneli, imebanwa, na inapoanza inajifumua kuelekea mwanzo wa DRAM, kwenye 0x80008000. Maelezo ya zamani yaliyotapakaa mtandaoni yanaiweka dtb kwenye 0x80F80000. Umbali kati ya hizo mbili ni kama megabaiti 15 na nusu. Kerneli za zamani zilitosha hapo. Ya leo yenye madereva mengi inapita juu ya dtb na kuifuta, hasa pale kigeu fdt_high kikiwa 0xffffffff, yaani U-Boot imekatazwa kuihamisha. Anwani nilizokupa zinaacha nafasi ya kutosha.

Ukivuka hapo na kukutana na "VFS: Unable to mount root fs", shukuru. Kerneli imewaka na inatafuta tu diski yake. Ama umesahau rootwait, neno la kuiambia kerneli iingoje kadi, ama nambari ya mmcblk imebadilika kati ya kadi na eMMC. Kutumia root=PARTUUID, kitambulisho cha sehemu yenyewe ya kadi, badala ya mmcblk0p2 kunamaliza ubishi huo.

Kuiruka U-Boot inawezekana. SPL inaweza kupakia Linux moja kwa moja, kwa njia iitwayo Falcon, na utaokoa muda kidogo wa kuwaka. Mimi kwa pampu ya maji nisingefanya hivyo. Kifaa cha Yumbe kikikwama, utamtuma mtu mwenye waya wa seriali na kompyuta mpakato, na mtu huyo atahitaji mstari wa amri wa kuingilia.

Badala ya kuiruka, itumie. U-Boot ikijengwa na bootcount, inahesabu mara ngapi imejaribu kuwaka. Ukiweka bootlimit kuwa 3, jaribio likizidi hapo inaacha bootcmd, amri ya kawaida ya kuwaka, na kutekeleza altbootcmd, amri ya akiba, ambayo wewe umeielekeza kwenye kerneli ya zamani iliyothibitishwa. Programu yako ya pampu ndiyo inayorudisha hesabu kwenye sifuri ikishaona kila kitu kinakwenda. Unganisha na saa mlinzi, ile wochidogi, ili kerneli iliyoganda ianzishwe upya yenyewe. Angalizo moja: kwenye AM335x hesabu hiyo inaweza kuwekwa katika rejista ya saa ya RTC, na kwenye BeagleBone Black RTC haina betri yake. Hesabu inavumilia riseti ya saa mlinzi, haivumilii umeme kukatika. Ukitaka ivumilie, iweke pamoja na vigeu vya U-Boot kwenye eMMC, na uwashe chaguo la kutunza nakala mbili za vigeu ili umeme ukikatika katikati ya kuandika ibaki moja.

Hizo nafasi nne za MLO nilizozitaja nazo si pambo. Andika nakala ya MLO kwenye kilobaiti ya 128, 256 na 384, na ROM isipoona kichwa halali cha moja inajaribu inayofuata bila kukuuliza. Nafasi ya kwanza kabisa iache, hapo pana jedwali la sehemu za kadi. Jedwali likiacha pia nafasi ya u-boot.img baada ya nakala hizo, sehemu ya FAT huihitaji tena, nami huwa naona ni heri, maana FAT haipendi kukatikiwa umeme.

Na kuhusu umeme wenyewe: betri ikiisha usiku, alfajiri paneli inapandisha volti polepole. Kibao kinajaribu kuwaka, kinavuta mkondo, volti inashuka, kinazimika, kinajaribu tena. Kinaweza kurudia hivyo asubuhi nzima, na kila jaribio ni nafasi ya kuharibu kadi. Tumia kidhibiti cha sola chenye viwango viwili vilivyoachana, kwa betri ya volti 12 tuseme kinakata kwenye 11.1 na hakirudishi mpaka 12.6. Usimpe kibao umeme wa chaja ya simu ya bei ya chini pia, kinataka volti 5 zilizotulia.

Jaribu zile amri tano kwanza. Kama USR0 haipigi na earlycon haitoi neno, nitumie matokeo ya printenv, ya md, na jina la usanidi uliojengea kerneli, tuangalie pamoja.